Mtandao wa simu moja

Mtandao wangu wa 5G una mteja mmoja tu: simu iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma, chumbani kwangu Ntinda. Mnara ni USRP B210, bodi ya redio inayofanya kazi kuanzia megahezi 70 hadi gigahezi 6, pamoja na laptopu. Kazi ambazo zamani zilidai saketi maalumu zinafanywa na programu. Natumia srsRAN kwa upande wa redio na Open5GS kwa kiini cha mtandao, zote za bure. Ukitaka mnara ugawe muda kwa namna nyingine, unafungua msimbo, unaandika, unawasha upya.

Sanduku lina sababu. Kurusha mawimbi ya simu hewani bila kibali cha UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, ni kujitafutia kesi, hivyo nikaenda Katwe kwa mchomeleaji.

"Dada, hii ni oveni?"

"Ni jela ya simu."

Akacheka, akachomelea vizuri. Tatizo likawa mfuniko: kwenye gigahezi 3.5 urefu wa wimbi ni kama sentimita 8.6, na ufa mrefu huyapitisha mawimbi hata ukiwa mwembamba. Tukabandika utepe wa shaba kingoni. Kipimo chetu ni rahisi: weka ndani simu yenye laini ya kawaida, funga, piga. Ikiita, rudi kwenye utepe.

Wengi huniuliza bei ya redio. Wangeniuliza kuhusu saa iliyo ndani yake! Kioo cha fuwele kinachotunza mapigo ya saa ya B210 kinaweza kukosea sehemu 2 kwa milioni, yaani kilohezi 7 kwenye gigahezi 3.5. Viwango vya 3GPP, muungano unaoandika kanuni za mitandao ya simu, vinaudai mnara mdogo usikosee zaidi ya sehemu 0.1 kwa milioni, ambazo ni hezi 350. Simu nyingine za dukani zitavumilia, nyingine hazitauona mtandao wako kabisa, nawe utahangaika na programu isiyo na kosa lolote. Nimeifungia bodi kipokezi cha GPS kinachoyasahihisha mapigo hayo, antena yake nikaitoa juu ya mabati. Mama mwenye nyumba alitaka kujua kama ni dishi, na kama anaweza kuunganishiwa.

Laptopu nayo isiwe na mambo mengi. Kwa mpangilio wangu kila kipande cha muda ni nusu milisekunde; kompyuta ikichelewa, redio inakosa cha kurusha.

Sasa natafuta simu ya pili, iliyotumika, yenye 5G na inayokubali laini ya 001-01, namba ya mtandao wa majaribio. Ukiwa nayo hapa Kampala, niandikie.