Daftari la baba

Januari 2020, siku mbili kabla ya laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole kuanza kuzimwa, nilikaa na baba chini ya mwavuli wa wakala pale Kilosa mjini. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, tulikuwa nayo. Kilichogoma ni kidole. Dole gumba la kulia, la kushoto, cha shahada, mpaka kidole cha mwisho. Kijana wa wakala alikuwa na adabu zake: "Mzee, futa kwenye suruali tujaribu tena." Baba akafuta. Kimashine kikakataa. Ujana wake aliumalizia kukata mkonge Kimamba, baada ya hapo ni jembe. Hiyo mistari ya vidole inayotafutwa ilibaki hukohuko shambani.

Nilicheka kimoyomoyo. Huyu mzee ambaye mashine haimtambui ndiye aliyekuwa akitutambua sisi wote. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, mjumbe wa chama anayesimamia kaya kumi za jirani. Mfumo ule uliletwa na TANU miaka ya 1960, CCM ikaurithi, na kwetu balozi aliendelea kuwa balozi hata vyama vingi viliporudi mwaka 1992. Alikuwa na kaunta buku lenye jalada gumu. Mgeni akilala kwako, asubuhi unampeleka akaandikwe: jina, katokea wapi, kaja kwa nani, anaondoka lini. Nani kanunua baiskeli, mke wa nani karudi kwao, baba anajua. Mtu akiniambia kufuatiliwa kumeanza na simu, najua hajawahi kukaa nyumba kumi.

Lakini mlango wa balozi ulikuwa unagongwa. Jirani mmoja alikuja usiku kumwomba baba amfute mgeni fulani kabla mumewe hajarudi safari. Baba alimgombeza mpaka tukaamka watoto, kisha akachana ukurasa. (Mama hakumsamehe hilo la kuchana ukurasa.) Pale chini ya mwavuli hapakuwa na wa kumbembeleza. Mwishowe laini ya baba ilisajiliwa kwa kidole changu, na mpaka leo, kwenye kumbukumbu huko zilipo, kila simu anayopiga yeye nimepiga mimi.

Mimi sasa, habari yangu ni ya mchele. Wanaonisoma tangu zamani kwenye blogu hii wanakumbuka bei za kila Jumamosi kutoka soko la Mawenzi, Morogoro: mchele, mahindi, maharage ya njano. Niliziacha katikati ya mwaka 2018, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotaka blogu ziwe na leseni: laki moja ya maombi, milioni ya leseni, na milioni nyingine kila mwaka. Kwa bei za maharage! Nikahamia kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa vikoba.

Septemba mwaka huohuo Bunge likapitisha marekebisho ya Sheria ya Takwimu. Kutoa takwimu za kupotosha au kupinga zile rasmi likawa kosa, faini isiyopungua milioni 10 au jela isiyopungua miaka 3. Je, bei niliyoinakili kwa Bi mwenye meza ya mchele ni takwimu? Sikujua, na sikumuuliza mtu. Hakuna aliyenipigia simu, hakuna askari aliyekuja. Nilianza tu, bila kupanga, kuandika "inasemekana mchele umepanda". Namba zikatoka kwenye ujumbe wangu moja moja, kama meno ya mtoto.

Kosa lile liliondolewa Juni 2019. "Inasemekana" yangu haikuondoka. Mei 2020 taarifa za korona zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na kundini kwetu tukajifunza kuandika "changamoto ya upumuaji". Tulizika mjumbe wetu mmoja kwa maneno hayo, na aliyeyaandika ni mimi, katibu.

Kanuni zilipolegezwa mwaka 2022 nikarudi hapa. Marafiki wananiuliza kama naona tunakoelekea ni kila kitu kutazamwa na ukweli kutoka ofisi moja. Wanataka niseme habari za kamera na mitambo. Mimi mitambo siijui. Ninachokijua ni hicho kineno kimoja cha "inasemekana": sheria iliyonifundisha ilishaondoka, chenyewe kimebaki, na kila nikisahihisha andiko nakikuta mahali.

Juzi baba kapiga, anataka kujua gunia lake aliuzeje.

"Mchele huko kilo shilingi ngapi?"

"Inasemekana umeshuka kidogo, baba."

"Inasemekana na nani? Wewe sokoni hukwenda?"

"Nilikwenda."

"Ukanunua?"

"Nikanunua."

Nikasikia karatasi zinafunuliwa. "Haya taja, kalamu ninayo."