Nikeli Ikivuka Kiwango, Usikimbilie Kuongeza Kostiki

Majibu ya maabara yamerudi: nikeli miligramu 4.8 kwa lita, na kibali cha kumwaga maji kinaruhusu 2. Katika mitambo mingi inayosafisha maji taka ya upakaji metali, jambo la kwanza linalofanywa ni kufungulia kostiki soda hadi pH ifike 11, kisha kuongeza polima, dawa inayounganisha chembe za tope ziwe vibonge. Siku moja moja inasaidia. Mara nyingi kromi na zinki huanza kuyeyuka upya, tope linajaa, na nikeli inabaki palepale. Kabla ya kugusa pampu yoyote ya kemikali kuna swali la kujibu: nikeli iliyotoka ilikuwa imeyeyuka ndani ya maji, au ilikuwa ikielea kama chembe za tope?

Jibu linapatikana kwa chupa mbili. Teka maji ya kutosha kwenye chombo kimoja, koroga, gawa mara mbili. Nusu moja ipitishe kwenye kichujio cha mikromita 0.45, nusu nyingine iache ilivyo. Baada ya hapo ndipo utie asidi ya naitriki kwenye chupa zote mbili hadi pH ishuke chini ya 2, uzipeleke maabara. Mpangilio huo usigeuzwe. Ukitia asidi kwanza, tope lote linayeyuka, chupa mbili zinatoa jibu moja, na utaamini kuwa tatizo ni kemia hata kama si kemia.

Chupa isiyochujwa ikisoma 4.8 na iliyochujwa ikasoma 0.4, kostiki imeshafanya kazi yake. Nikeli iligeuka kuwa tope, ila tope halikutulia. Zikikaribiana, tangi la kutulizia halina kosa. Nikeli haikuwahi kuwa tope.

Tuanze na hali ya kwanza, ambayo ni nyepesi. Chota maji ya tangi la kukorogea kwenye bika uyashike mbele ya mwanga. Vibonge vizuri vinaonekana kimoja kimoja kwa macho, vinashuka vikiwa vizima, na maji kati yake ni angavu. Maji yakiwa na ukungu kati ya vibonge, kinachopungua ni kigandishi, yaani dawa ya kugandisha chembe ndogo, kwa mfano feriki kloraidi, wala si polima. Vibonge vikiwa vinateleza kama ute na vingine vinapanda juu, polima imezidi, na hiyo hiyo itakuja kuziba vitambaa vya mashine ya kukamulia tope. Dozi ya polima kwa kawaida huwa kati ya miligramu 1 na 5 kwa lita. Polima ya unga inayeyushwa kwa asilimia 0.1 hadi 0.5, inanyunyizwa kidogo kidogo kwenye maji yanayozunguka, kisha inakorogwa polepole kwa nusu saa hadi saa moja. Ikimwagwa kwa mkupuo inafanya madonge ya utelezi yasiyoyeyuka tena. Angalia pia maji yanasafirije kutoka tangi la vibonge kwenda tangi la kutulizia. Yakipita kwenye pampu ya pangaboi, kila kibonge kilichojengwa kwa dakika kumi kinasagwa kwa sekunde moja. Yaende kwa mteremko.

Hali ya pili ndiyo inayokosesha watu usingizi, na uchunguzi wake unaanzia kwenye probu ya pH, kifaa kinachosoma pH ndani ya tangi.

Haidroksaidi ya nikeli huyeyuka kidogo kabisa karibu na pH 10.2. Chini ya hapo, kinadharia, kila pH ikishuka kwa 1, nikeli inayoweza kubaki majini inaongezeka mara 100. Kwa hiyo probu inayodanganya kwa 0.3 tu inatosha kuzidisha nikeli mara nne, na skrini itaendelea kuonyesha 9.5 kwa utulivu kabisa. Probu iliyokaa kwenye maji yenye chokaa na tope la metali inavaa utando mweupe au wa kijani, ikaanza kujibu polepole. Kidhibiti kinaendelea kumwaga kostiki kikingoja namba ipande, kisha kinapitiliza, kisha asidi inaingia kurekebisha. Ukiona pH kwenye chati inapanda na kushuka kama msumeno, osha probu kwanza.

Namna ya kuosha: suuza kwa maji mengi, itumbukize kwenye asidi ya haidrokloriki ya asilimia 5 kwa dakika chache, suuza tena, iache kwenye myeyusho wa potasiamu kloraidi wa mola 3 mpaka usomaji utulie. Usiifute kwa kitambaa kikavu, na usiihifadhi kwenye maji yaliyotoneshwa. Probu iliyotoka kwenye tangi la sianidi isuuzwe vizuri sana kabla ya kukaribia asidi. Pima kwa bafa, yaani myeyusho wenye pH inayojulikana, ya 7 na ya 10. Kwa tangi la kromi tumia 4 na 7. Probu nzima inatoa karibu milivolti 59 kwa kila pH kwenye nyuzi 25. Ikishuka chini ya asilimia 85 ya hapo hata baada ya kuoshwa, nunua nyingine. Kila zamu ilinganishwe na kipimo cha mkononi katika maji yaleyale, dakika ileile.

Probu ikiwa sawa, fanya jaribio la bika. Weka mililita 500 za maji ghafi kwenye bika tano, zipandishe hadi pH 8.5, 9, 9.5, 10 na 10.5. Koroga kwa kasi dakika 2, tia polima, koroga polepole dakika 5, tuliza nusu saa, chuja, pima. Nikeli ikishuka vizuri kuelekea pH 10, lengo lako la pH lilikuwa chini tu. Lakini usilipandishe bila kutazama metali nyingine: kromi hutulia vizuri karibu na 7.5 hadi 8.5, zinki karibu na 9 hadi 9.5, na zote mbili huyeyuka tena pH ikizidi. Ndiyo maana maji mchanganyiko mara nyingi huendeshwa kwenye 9 hadi 9.5.

Nikeli isiposhuka katika bika yoyote, kuna kitu kimeishika isigeuke tope. Mara nyingi ni EDTA, amonia, sitreti au glukoneti, na vyanzo vyake vinajulikana: beseni la kupaka nikeli bila umeme, sabuni ya kuondolea mafuta, dawa mpya ya kuosha sakafu ambayo hakuna aliyesoma lebo yake. Maji yenye shaba na amonia yanajitaja yenyewe, kwa kuwa yakishachujwa yanabaki na buluu iliyokolea. Nikeli iliyoshikwa haitoi dalili wazi hivyo. Dithiokabameti, dawa ya kugandisha metali, inaweza kuinyakua, lakini dozi yake ipimwe kwenye bika, maana ikizidi ni sumu kwa bakteria wa mtambo wa majitaka wa mji na kwa samaki. Kwa maoni yangu dawa hiyo ni ya dharura. Tiba yenyewe ni bomba lake na tangi lake, ili maji hayo yasikutane na mengine kabla ya kutibiwa.

Kutenganisha mikondo ni kazi ya mabomba, na hakuna kemikali inayoweza kuibadili. Kromi ya sita, yaani yenye chaji ya +6, haigandi kwa kostiki hata kidogo. Ishushwe kwanza hadi pH 2 mpaka 2.5, ipewe metabaisalfaiti ya sodiamu, kwa hesabu gramu 2.74 kwa kila gramu ya kromi na kwa vitendo zaidi ya 3, hadi rangi ya manjano igeuke kijani. Sianidi inataka kinyume chake: haipokloraiti (dawa ya klorini) kwenye pH zaidi ya 10, kisha hatua ya pili karibu na 8.5. Mikondo hii miwili ikikutana kwenye asidi inatoka gesi ya sianidi ya haidrojeni, nayo inaua. Hata pasipo ajali hiyo, sianidi ikikutana na nikeli hufungamana nayo kwa nguvu kiasi kwamba klorini inachukua saa nyingi kuivunja, na nikeli hiyo ndiyo inayotokea kwenye majibu ya maabara. Haipokloraiti iliyobaki nayo inaweza kuirudisha kromi iliyokwisha kutibiwa kuwa ya sita. Maji yaliyosafishwa yakiwa na umanjano hafifu, pima klorini iliyobaki.

Upande wa kibali. Metali huchukuliwa kwa sampuli ya mchanganyiko wa siku nzima. pH na sianidi huchukuliwa papo hapo: pH isomwe ndani ya dakika 15, sianidi iondolewe klorini kwanza, kisha itiwe kostiki na kuwekwa kwenye barafu. Mahali pa kuchotea pawe kabla ya maji ya kupoozea mashine kuingia, kwa sababu kuzimua ili kufikia kiwango ni kosa lenyewe. Kwa kanuni za Marekani, kiwanda kinachomwaga kwenye mfereji wa umma kina saa 24 tangu kigundue kuvuka kiwango kutoa taarifa, na siku 30 za kurudia sampuli na kuwasilisha majibu. Kibali chako kinaweza kuwa na muda mwingine, na ndio unaofuatwa.

Siku ya kurudia sampuli, laini ya nikeli ifanye kazi kama siku zote. Andika kwenye daftari saa ya kila bechi, pH ya probu na ya kipimo cha mkononi, kiasi cha kemikali kilichotumika, na kilichokuwa kinapakwa saa hiyo.