Samaki Anayenusa Njia ya Kwao

Nimerudi Anchorage, Alaska, jana usiku na mikono bado inanuka moshi. Siku sita nilikuwa Dillingham, kwenye ghuba ya Bristol Bay. Gari halifiki huko. Ni ndege au boti. Bibi mmoja wa Kiyup'ik, wenyeji wa asili wa huko, alinisogeza mezani penye wajukuu zake, akanipa uluaq, kisu cha umbo la nusu mwezi, nimpasue samoni: kichwa kando, mfupa wa mgongo nje, minofu miwili ibaki imeshikana mkiani ili itundikike. Nilidhani nitaweza upesi, maana Mwanza nimekua nikimwona mama akitengeneza kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Samaki watatu wa kwanza niliwachanachana. Bibi hakunikemea, aliwatundika pamoja na wake. Wanaotundikwa Julai ndio chakula cha Januari, na fungu huwekwa la wazee wasioweza tena kwenda nyavuni.

Karibu nusu ya samoni wekundu wa dunia nzima hutoka ghuba hii. Mwaka 2022 walirudi kutoka baharini takriban milioni 79. Na huko juu, kwenye vyanzo vya mito Nushagak na Kvichak, ndiko iliko shaba na dhahabu ya Pebble, mgodi ambao kampuni inataka kuuchimba.

Kinachoninyima usingizi ni pua ya samaki huyu. Huzaliwa mtoni, akaenda kukulia baharini miaka miwili au mitatu, kisha akarudi mto ule ule kwa kunusa maji yake. Shaba kidogo sana ikiyeyuka majini humharibia pua hiyo. Hata asipokufa, anaweza kupotea njia. Na bwawa la topesumu, yaani mabaki ya mgodi, lingehitaji kulindwa milele, katika nchi ya matetemeko. Mwadui, huko Shinyanga, Novemba 2022, bwawa kama hilo la mgodi wa almasi lilipasuka, tope likafunika mashamba na nyumba za watu. Kwetu si mbali na pale. Siwezi kusikia neno "salama" nikatulia.

Januari 2023 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilizuia taka za mgodi wa Pebble kumwagwa kwenye maji hayo. Wenyeji walikuwa wamelipigania jambo hilo miaka mingi. Kampuni na serikali ya jimbo wakaenda mahakamani kupinga, kwa hiyo kule mezani furaha yao ina tahadhari, na mimi nimerudi nayo hiyo hiyo.

Asubuhi ya kuondoka bibi alinifungia samaki wa msimu uliopita, waliokwisha iva moshi, wamekatwa sawasawa kabisa. Wangu watatu bado wananing'inia kule.