Kutu Si Umri: Kukagua Gita Kuukuu la Umeme Kabla ya Kulinunua

Hapa Mombasa gita huzeeka sura kabla ya kuzeeka miaka. Upepo wa bahari hula nikeli, daraja la nyuzi hushika kutu na skrubu hubadilika rangi, hata gita lililopigwa misimu michache tu katika hoteli za Bamburi au Diani likaonekana kana kwamba lilitoka kiwandani zama za ukoloni. Basi muuzaji akikuonyesha kutu kama ushahidi wa miaka ya 60, mwombe bisibisi.

Nambari ya kiwandani husaidia, lakini haitoshi peke yake. Katika magita mengi ya kampuni ya Kimarekani ya Fender ya kabla ya 1976 imepigwa kwenye bamba la chuma linaloshika shingo, na bamba hilo huhamishiwa gita jingine kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Gibson, kampuni nyingine ya Marekani, nayo ilirudiarudia nambari zake katika miaka ya 60. Utaratibu wa Gibson unaosomeka ulikuja mwaka 1977, kwa nambari yenye tarakimu nane, ambapo ya kwanza na ya tano hutaja mwaka, na ya pili hadi ya nne hutaja siku: 81203541 ni siku ya 120 ya mwaka 1983, yaani tarehe 30 Aprili. Ibanez za Japani za nusu ya pili ya miaka ya 70 ni rahisi zaidi, kwani herufi ya mwanzo ni mwezi na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka, hivyo C77 ni Machi 1977.

Ushahidi ninaouamini zaidi umo ndani, chini ya vile vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti. Huko kuna poti, vile vifaa vidogo vya umeme vinavyozungushwa na vitufe hivyo, na za Kimarekani hupigwa chapa mgongoni au ubavuni. Gita moja nililoonyeshwa Majengo, likisifiwa kuwa la 1962, lilikuwa na poti iliyoandikwa 1377318: 137 ni kampuni ya CTS, 73 ni mwaka 1973, na 18 ni wiki ya mwaka huo. Gita haliwezi kuwa limetangulia poti zake, isipokuwa ziwe zimebadilishwa, na hapo ndipo risasi ya kuchomelea inapopaswa kuangaliwa kwa tochi: ya zamani imefifia na kushika vumbi, mpya hung'aa. Lakini gita linaweza kuwa la baadaye kuliko poti zake, maana viwanda viliweka akiba. Fender ilinunua poti nyingi sana mwaka 1966, zikawa zikifungwa kwenye magita ya miaka iliyofuata.

Shingo ikifunguka, tazama kisigino chake, yaani ncha inayoingia kwenye mwili wa gita, ambako Fender mara nyingi iliandika au kupiga muhuri wa tarehe. Kichwa kipana cha Stratocaster, moja ya aina za magita ya Fender, kilianza mwishoni mwa 1965, na skrubu tatu za shingo badala ya nne zilianza 1971.

Rangi ninaikagua kwa ile taa ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia. Vanishi ya zamani ya nitroselulosi hutoa mng'ao wa kijani-njano, na mahali palipopakwa upya huonekana kama kiraka cheusi.

Muuzaji akikataa gita lisifunguliwe, sibishani naye. Ninampa bei ya gita la kawaida lililotumika, akipenda tuuziane, asipopenda abaki nalo.