Dumuzi Hawaingii Huko?

Mzee mmoja, mfanyabiashara wa mahindi, alinipigia simu katikati ya mwaka 2021, msimu wa mahindi ukiwa umepamba moto Kibaigwa. Namba yangu aliipata kwa mpwa wake niliyesoma naye takwimu Chuo Kikuu cha Dodoma. Machi ya mwaka ule Kenya ilizuia mahindi yetu kwa hofu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, naye alikuwa na shehena ghalani tangu mavuno, anasubiri bei ipande. Zuio lilidumu siku chache tu, ila yeye alikuwa ameshauza kwa hofu. Sasa alitaka kujua: ni mkosi ule tu, au biashara yenyewe inavuja?

Mimi nilikuwa nimeajiriwa mjini, mshahara unakatwa asilimia 15 kulipia mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo kabla sijauona. Kazi za pembeni nilizitafuta kwa tochi.

Madaftari yalikuja kwa kondakta wa basi, ndani ya kiroba cha unga. "Gunia 40, Mlali, K." K ni nini? Nikapiga simu: kukopa, yaani zilinunuliwa kwa hela ya benki. Na gunia lenyewe? Mengine yalikuwa lumbesa za shambani, zilizojazwa kupita kipimo, mengine ya kilo mia yaliyopimwa sokoni, yote yameandikwa "gunia". Wanaouza kozi za uchambuzi wa data watakuhimiza ujifunze Python, na mimi nimejifunza, lakini kilichonilisha usiku ule ni kumuuliza mzee ukurasa kwa ukurasa mpaka akachoka na mimi.

Siku ya kumpelekea majibu tulikaa ghalani kwake, kompyuta juu ya mizani, vibarua wakishusha mzigo nyuma yetu. Nilimwonyesha mchoro wa mistari miwili. Wa kwanza ni bei ya gunia, unapanda kutoka Julai hadi Februari, vile vile anavyoujua. Wa pili ni kinachobaki mkononi ukishatoa riba, dawa, vibarua na uzito ulioliwa na dumuzi. Huo ulipanda, ukalala, kisha ukaanza kushuka.

Akaweka kidole chenye vumbi kwenye kioo. "Hapa ni lini?"

"Novemba, mzee."

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo Desemba na Januari nakuwa kibarua wa benki."

Sikuwa na la kuongeza. Kwa mahindi aliyonunua kwa hela yake mwenyewe hali ilikuwa nafuu, na hayo nilimshauri aendelee kuyasubirisha.

Aliponihesabia ujira wangu akauliza, "Na wewe mwanangu, hela yako unaiweka wapi? Usiniambie kiwanja." Dodoma wakati huo kila mwenye akiba alikuwa na dalali wa viwanja. Nikamwambia hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba: unaanza na shilingi milioni moja, ile ya miaka 25 ina riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, unalipwa kila baada ya miezi sita, na riba haikatwi kodi. Kwa milioni moja ni 79,750 kila awamu.

"Miaka 25! Watakulipa wajukuu zangu." Akacheka mpaka vibarua wakageuka. Kisha akauliza taratibu, "Dumuzi hawaingii huko?"

"Wanaingia, mzee. Wanaitwa mfumuko wa bei."

Jibu hilo lilimpendeza kuliko mchoro wangu. Kabla sijapanda basi alikuwa ameniagiza nimsaidie kufungua akaunti ya CDS, ile ya kuwekea hati fungani.

Kazi yake iliniletea wafanyabiashara wengine wa nafaka na alizeti. Deni la Bodi likaisha, na riba zilipofika kiasi cha kulipa kodi ya nyumba yangu Nkuhungu, niliandika barua ya kuacha kazi. Ila kabla ya hapo, mwaka 2022, Benki Kuu ilishusha riba za hati mpya, na mzee akanipigia akifoka kwamba wamebadilisha bei katikati ya msimu. Nikamweleza kuwa za zamani zinaendelea na riba ile ile mpaka mwisho.

"Basi zako za zamani," akasema, "niuzie."