Kelele Zilizotangulia Picha

Mwaka 2006 nilikuwa nimepanga chumba cha juu nyumbani kwa mzee mmoja mstaafu, mjini Columbus, Ohio. Ukitoka mlangoni unaona taa za uwanja wa Chuo Kikuu cha Ohio State, uliojengwa kwa umbo la kiatu cha farasi na unaoingiza watu zaidi ya laki moja. Laki moja, kwenda kutazama wanafunzi wakicheza futiboli ya Kimarekani! Mimi mtoto wa Tanga, niliyekulia kwenye kelele za Simba na Yanga, nilikuwa nikidhani utani wa jadi naujua.

Jumamosi ya Novemba 18 walikuja Michigan, chuo kikuu cha jimbo jirani na mahasimu wao wa jadi. Ohio State namba moja nchini, Michigan namba mbili, kila mmoja kashinda mechi zote 11. Mzee hakulitamka jina la Michigan hata siku moja, alisema tu "wale wa kaskazini". Sikushangaa. Kwetu usiku nyoka huitwa kamba.

Tiketi haikuwa saizi yangu, wala yake, kwa hiyo tuliketi sebuleni. Mkewe alitengeneza vidonge vya siagi ya karanga vilivyochovywa kwenye chokoleti, juu pameachwa duara lisilo na chokoleti kama jicho, mfano wa mbegu ya buckeye, mti uliowapa wachezaji wao jina. Nilikula saba kabla mpira haujaanza. Mzee hakugusa. Jana yake alikuwa amefariki Bo Schembechler, kocha wa zamani wa Michigan, na mzee alivua kofia yake nyekundu akaiweka gotini. Nikamuuliza, si adui huyo? Akanijibu kwamba Bo alisoma hapahapa Ohio State na alikuwa msaidizi wa Woody Hayes, kocha wao, kisha akahamia kule na mwaka 1969 akamfunga mwalimu wake. "Alituumiza sana," akasema, na akaivaa tena kofia.

Michigan walitangulia. Halafu kwotabeki wa Ohio State, yaani mrushaji wao mkuu, Troy Smith, akaanza kurusha mpira kama anatuma barua kwa anwani anayoijua, na hadi mapumziko ilikuwa 28 kwa 14. Sheria nilikuwa bado nazibabaisha: majaribio manne kupata yadi kumi, hilo nililishika, mengine mzee alinieleza kwa kunigonga goti.

Ila jambo ambalo hakunieleza nililigundua mwenyewe. Dirisha lilikuwa wazi kidogo, na uwanja ulitangulia runinga kwa sekunde kadhaa. Kelele zikipanda nje, kwenye kioo wachezaji ndio kwanza wanainama. Chris Wells wa Ohio State alipokimbia yadi 52, tulishangilia kabla hajapewa mpira.

Kipindi cha pili kikawa kichungu. Ohio State walipoteza mpira mara tatu, Michigan wakanyata hadi 35 kwa 31. Dirisha likageuka mchawi. Kukiwa kimya nje, mzee alifumba macho, maana alishajua. Mkewe alisimama alifunge, akazuiwa.

Robo ya nne, jaribio la tatu, Smith kakimbia kakosa, anatoka nje ya mstari. Mngurumo ukaingia dirishani. Tukatazamana: wa nini, na yadi hazijatimia? Ndipo tukamwona Shawn Crable wa Michigan akimgonga Smith helmeti kwa helmeti, na kitambaa cha njano cha mwamuzi, ishara ya kosa, kikaruka. Yadi 15 za bure. Muda mfupi baadaye Brian Robiskie wa Ohio State akadaka na kufunga, 42 kwa 31. Nilimwonea huruma yule Crable. Mzee hapana.

Zimebaki dakika mbili na ushei, kimya tena. Tachidauni, yaani bao, ya Michigan, na pointi mbili juu yake: 42 kwa 39. Sasa wangepiga mpira mfupi, wa kuugombania. Wakiupata, lolote laweza kutokea.

Kwenye runinga walikuwa bado wanajipanga. Mzee alikuwa amekunja kofia mkononi hadi imekuwa kama ndizi. Nje, uwanja ukalipuka.

Akainuka, akatafuta koti lake, akamwita mkewe watoke barazani. Mimi nikabaki peke yangu na sinia tupu, nikisubiri mpira upigwe.