Siku niliyomtafuta somo wangu Kartago

Nimezaliwa tarehe 16 Septemba, na bibi yangu hakuwa mtu wa kuhangaika na majina, alifungua kalenda ya parokia akakuta Korneli na Sipriani, Korneli tayari tulikuwa naye mmoja kwenye ukoo na pombe ilishamshinda, basi nikawa Sipriani. Ndo historia yote. Kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza kila mtoto akatakiwa kusimulia habari za somo wake, yaani mtakatifu mwenye jina lake, wenzangu wana Joji na joka lake, wana Mikaeli na upanga, mimi katekista akanisaidia kwa kusema somo wako alikuwa askofu wa Kartago, mji wa kale kule Afrika Kaskazini, mateso yalipoanza akajificha. Darasa zima likaangua kicheko. Katekista aliendelea na mengine lakini nani alisikia tena.

Mwaka 2017 kazini wakanipeleka Tunis kwa mafunzo ya wiki mbili, Jumapili ya katikati haina ratiba, nikapanda kile kitreni cha TGM kinachoelekea La Marsa, nikashuka Kartago nikatafuta teksi. Kifaransa changu ni cha bonjour na merci tu, nikamwambia dereva "kanisa" na jamaa akaelewa palepale, kumbe neno lenyewe tumelitoa kwenye Kiarabu chao! Nikajiona mjanja sana. Akanipandisha hadi kilima cha Byrsa kwenye kanisa kubwa la minara miwili. Sio lenyewe. Lile ni la Mtakatifu Louis, alilijenga Kardinali Lavigerie miaka ya 1880, ila sikukasirika maana Lavigerie ndo mwanzilishi wa White Fathers, wale wamisionari ambao msafara wao wa kwanza ulitoka Bagamoyo mwaka 1878 kuja bara hadi kwetu Tabora, yaani bila huyo mzee wa Kartago bibi yangu asingekuwa na kalenda ya kufungua.

Nikajaribu tena: Sipriani, Cyprien, Cyprianus, nikaonyesha kwa mkono kukatwa shingo, dereva akanitazama vibaya kidogo. Mwisho nikasema "bahari", nalo akalielewa, akaniteremsha juu huko karibu na Sidi Bou Said akaondoka zake.

Nilizunguka kama saa nzima na jua lile. Halafu nikapaona: vishina vya nguzo vimejipanga mistari mistari, majani yamenifika magotini, mbele kuna ukingo na baada ya hapo ni bahari tupu hadi jicho linapochoka. Hakuna mtu, hakuna kibanda cha tiketi, juu ya jiwe moja kuna ganda la chungwa limeshakauka. Alipafukua padri Delattre mwaka 1915, naye White Father, na wanapaita basilika ya Mtakatifu Sipriani ingawa wataalamu wanabishana kama ndo penyewe. Mimi nilishatembea saa nzima, kwangu ndo penyewe.

Nikakaa. Na cha ajabu nilichokumbuka pale sio sala, ni mgomo wa kidato cha tatu.

Ilikuwa sababu ya maharage yenye wadudu. Nilipiga sahani kuliko wote usiku ule, asubuhi mkuu wa shule akatoa amri kila mtu aandike barua kwamba hakushiriki, asiyeandika arudi nyumbani. Nikaandika, tena kwa mwandiko mzuri. Rafiki yangu tuliyekuwa tunalala dabo deka moja, yeye juu mimi chini, akakataa, akasimamishwa. Aliporudi hakunisemesha muhula mzima, na siku alipofungua mdomo alisema hivi: wewe si Sipriani bana, lazima ukimbie.

Sasa nilipokuja kusoma mwenyewe ukubwani nikakuta barua yangu ipo kule mwaka 250. Kaisari Decius wa Roma aliagiza kila mtu atoe sadaka kwa miungu na apewe cheti cha kuthibitisha. Wakristo wengi wa Kartago walitoa sadaka, wengine hawakutoa, walinunua cheti tu. Sipriani, aliyekuwa mwalimu wa ufasaha mwenye mali na ana miaka michache tu tangu abatizwe, alijificha zaidi ya mwaka akiongoza jimbo kwa barua. Mateso yalipopoa walioanguka wakataka kurudi, na waliofungwa bila kumkana Kristo wakawa wanawagawia vikaratasi vya msamaha kama njugu. Roma nako akina padri Novatiani wanasema hakuna kurudi kabisa. Sipriani na maaskofu wenzake mwaka 251 wakapita katikati: wa vyeti wafanye toba wapokelewe, waliotoa sadaka wasubiri hadi wakikaribia kufa, na baadaye hao nao wakalegezewa. Nadhani mtu aliyewahi kujificha anajua kupima mambo haya, ila hayo ni mawazo yangu, mwenyewe hakusema hivyo.

Sio kwamba namkubali kwa kila kitu. Alikuwa mgumu yule, kwake asiye na Kanisa kuwa mama hawezi kuwa na Mungu kuwa Baba, na mwaka 256 aliketi na maaskofu zaidi ya 80 wakashikilia kwamba ubatizo wa waliojitenga si kitu, Papa Stefano akakataa na Kanisa likafuata ya Stefano. Mama yangu alitoka Ulutheri bila kubatizwa tena, angekuwa Kartago enzi hizo wangemtumbukiza upya.

Lakini tarehe 14 Septemba 258 hakukimbia. Liwali alipomsomea hukumu ya upanga alijibu "Mungu ashukuriwe", akavua joho, akapiga magoti, akaagiza yule wa kumkata kichwa apewe sarafu 25 za dhahabu. Watu walitandaza vitambaa mbele yake damu isipotee.

Nikapiga picha ya zile nguzo nikamtumia rafiki yangu wa dabo deka WhatsApp, nikaandika nipo kwa somo wangu. Jibu lilinikuta stesheni nasubiri treni.

"Yule aliyekimbia? Msalimie. Na uniletee tende."